Swali Lililonishinda Darasani

Wanachuo wenzangu, mtihani wangu mgumu mwaka huu sikuufanyia chuoni. Nilikuwa field, nafundisha Jiografia Kidato cha Pili. Nikaeleza kwamba mito hupeleka chumvi mbalimbali baharini, magnesiamu ikiwemo. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona hiyo magnesiamu haizidi kujaa huko?" Nikamjibu kibabe, "Hilo halimo kwenye mtihani." Darasa likacheka, akakaa.

Jibu nililikuta baadaye maktaba. Chini ya sakafu ya bahari, penye volkano, maji hupenya kwenye nyufa za mwamba wa basalti. Yakikaribia magma hupata joto la mamia ya nyuzi. Hapo hubadilishana na mwamba: mwamba huchukua magnesiamu na kuachia kalsiamu. Madini yake hugeuka, basalti nyeusi ikawa ya kijani.

Mwaka 1977, wanasayansi ndani ya nyambizi Alvin walikuta chemchemi za moto karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha mita kama 2,500. Sampuli zilionyesha kwamba maji yalivyozidi kuwa ya moto, ndivyo magnesiamu ilivyopungua. Kumbe ilibaki mwambani!

Kipindi kilichofuata nilimwomba radhi yule binti mbele ya wenzake, nikachora nyufa ubaoni. Akauliza tena: "Na kalsiamu nayo inaenda wapi?" Safari hii tulitafuta pamoja, tukafika kwenye makombe na matumbawe.

Mnaokwenda field, "sijui, ngoja nitafute" nalo ni jibu la mwalimu.