Homoni na Siku za Kwanza Baada ya Upasuaji

Mkazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, anayehitaji upasuaji mkubwa mara nyingi hupewa rufaa hadi hospitali ya Mbarara, na ndugu huenda naye ili ampikie, amwoshe na akeshe naye. Ndugu huyo ndiye anayekutana na mambo ya kutia hofu: mkojo kwenye mfuko ni kidogo na umekolea, moyo unakwenda mbio, sukari imepanda kwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana kisukari.

Mara nyingi homoni ndizo zinazofanya hivyo. Kisu kinapokata, neva hupeleka habari kwenye ubongo hata kama mgonjwa amelala fofofo kwa dawa ya usingizi. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huziamsha tezi zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni ya kotisoli. Adrenalini huongezeka, ini hutoa sukari, insulini hushindwa kufanya kazi yake sawasawa, na figo hubana maji. Hata hivyo muuguzi aambiwe mapema mkojo ukipungua, kwa sababu huenda mgonjwa anavuja damu ndani au amepungukiwa maji.

Mwili hujilinda hivyo, lakini ulinzi huo hugharimu misuli. Katika miaka ya 1930, daktari David Cuthbertson wa Glasgow aliwachunguza watu waliovunjika mifupa akakuta nitrojeni nyingi inatoka kwenye mkojo, dalili kwamba misuli inayeyuka. Kwa hiyo daktari akisharuhusu chakula, uji mtupu hautoshi. Mgonjwa apewe maharage, mayai, samaki, na maziwa, ambayo hayana uhaba Mbarara.

Maumivu nayo huzidi kuzichochea homoni hizo. Wengi hunyamaza wakidhani kuvumilia ni ushujaa. Mgonjwa anayeumwa aseme, apewe dawa.

Jambo kubwa zaidi husemwa kabla ya upasuaji. Aliyemeza prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, kwa wiki kadhaa, kwa pumu au maumivu ya viungo, huenda tezi zake za juu ya figo zimezoea kukaa bila kazi. Zikishindwa kutoa kotisoli ya kutosha, shinikizo la damu laweza kuporomoka. Asiache dawa ghafla, wala asifiche kwamba alizinunua dukani. Anayetumia dawa za kisukari naye aseme. Na kwa kuwa mgonjwa anaweza kuongea Kiswahili huku daktari akiongea Kinyankole au Kiingereza, ni bora abebe vidonge vyenyewe, na pakiti yake.