Roketi Haipandi Tu, Inakimbia

Mbona roketi hujilaza upande muda mfupi tu baada ya kuruka?

Barua za swali hili ni nyingi, na baadhi zinadai video zinaonyesha roketi ikianguka baharini kwa siri. Nazijibu zote kwa pamoja. Tatizo ni imani kwamba ukishapanda vya kutosha, uvutano wa dunia unakuachia. Haukuachii ng'o. Katika kimo cha kilomita 400, kilipo Kituo cha Kimataifa cha Anga, uvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu unaokubana hapo kitini. Kinachokiweka juu ni mwendo wa takriban kilomita 28,000 kwa saa kwenda upande: kinaanguka muda wote, ila ardhi nayo inazidi kujipinda chini yake. Wanaanga huelea kwa sababu wanaanguka pamoja na chombo chao.

Ushahidi ni wa mwaka 1961. Mei 5, Mmarekani Alan Shepard alifika kimo cha kilomita 187, na baada ya dakika 15 alikuwa ameshatua kwenye maji ya Atlantiki. Msovieti Yuri Gagarin, aliyeizunguka dunia Aprili 12, katika sehemu ya chini kabisa ya njia yake hakuwa juu kumshinda Shepard. Walipishana kwa mwendo: Shepard alipata kama kilomita 8,000 kwa saa, Gagarin zaidi ya 27,000. Mtaniuliza, basi kupanda kuna haja gani? Kuna hewa. Chombo chenye kasi hiyo kingeungua huku chini, ndiyo maana roketi huanza wima ili iiache hewa nzito, kisha hujilaza na kuteketeza mafuta mengi ikisaka kasi.

Malindi iko karibu na ikweta. Kwa nini setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ikarushwe California?

Kwenye ikweta ardhi yenyewe inakwenda mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea huko huupata mwendo huo bure. Setilaiti ya Uhuru ilinufaika hivyo Desemba 12, 1970, iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Lakini Taifa-1, iliyoruka Aprili 15, 2023, iliundwa kupiga picha za ardhi ikipita kaskazini na kusini karibu na ncha za dunia. Msukumo wa mashariki hauifai kitu. Isitoshe, San Marco haijarusha setilaiti tangu 1988. Wanaolalamika kwamba tumenyimwa nafasi ya kurusha wangeanza na ukimya huo.

Msururu wa taa uliopita angani usiku, ni makombora?

Ni setilaiti za Starlink zilizotoka kurushwa.

Kuahirisha urushaji wa roketi kila mara si dalili ya uongo?

Hapana. Mwogope asiyeahirisha.

Kuna mtu ananunua vipande vya setilaiti kwa bei kubwa. Ni kweli vina madini adimu?

Huyo ni tapeli; vinavyoanguka ni mabaki tu. Pete ya chuma ya kama kilo 500 iliyoanguka kijijini Mukuku, Makueni, Desemba 30, 2024, Shirika la Anga la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Vipande hivyo huanguka kwa sababu hata juu huko hewa haijaisha kabisa. Inakikwaruza chombo polepole, kasi inapungua, na kilichopungukiwa kasi hushuka. Kwa kawaida kipande kama hicho huungua njiani au huelekezwa kwenye bahari isiyo na watu, na kisipofanyiwa hivyo, mwenye roketi ndiye wa kuulizwa. Wewe usikishike, huenda kina masalia ya mafuta yenye sumu. Wafukuze watoto, uwaite polisi.