SOMO LA WIKI: Mpime fahali kabla ya kumlipia

Mfanyabiashara wa Mwanga anayeweka akiba yake katika ng'ombe huko Kasulu au Uvinza kwa kawaida humchagua fahali kwa macho: pembe ndefu za Ankole, shingo nene, mwili ulionona. Sifa hizo zinamfaa mchinjaji. Anayetaka ndama ananunua mbegu, nazo hazionekani kwa macho.

Tufanye hesabu. Jike asiyeshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Ukiwa na majike 20 na fahali asiyezalisha, joto mbili zikipita bure umegharimia siku 840 za malisho, mchungaji na dawa ya kuogesha, bila mimba hata moja. Jike tasa hukukosesha ndama mmoja. Fahali tasa hukukosesha ndama wa kundi zima.

Kabla ya kulipa, mwite daktari wa mifugo akague mambo manne:

1. Mwili. Mwenye kilema cha mguu wa nyuma hawezi kupanda, hata mbegu zake ziwe nzuri.

2. Korodani. Ziwe mbili, zinalingana, hazina uvimbe. Zungushia futi ya fundi cherehani penye unene zaidi. Kwa fahali aliyepita miaka miwili, kipimo cha ng'ombe wa kizungu ni sentimita 34 au zaidi. Wa kienyeji mlinganishe na wenzake wa rika lake.

3. Mbegu. Chini ya darubini, angalau asilimia 30 ziwe zinakwenda mbele, na asilimia 70 ziwe na umbo sahihi.

4. Damu. Ipimwe ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humpata pia binadamu anayekunywa maziwa mabichi.

Akishindwa kipimo cha mbegu, usikimbilie kumchinja. Mbegu huchukua siku 60 hivi kutengenezwa, na homa kali huziharibu. Mpime tena baada ya miezi miwili.

Kwa muuzaji, toa malipo ya awali tu na mwandikishane kwamba salio litafuata majibu ya vipimo. Asiyetaka kufuga fahali anaweza kuuliza ofisi ya mifugo ya wilaya kuhusu uhimilishaji. Mbegu zilizogandishwa hutayarishwa katika kituo cha taifa cha Usa River, Arusha.

Gharama ya daktari ni ya siku moja. Gharama ya fahali tasa hulipwa kila siku 21.