Ute Katika Kinyama cha Titi: Jibu la "Si Saratani" Lisomwe Vipi

Chukuliwe mfano wa mwanamke wa miaka 46, mkulima wa migomba na chai katika kata ya Ibighi, jirani na mji wa Tukuyu. Alipokuwa akioga aligusa uvimbe mdogo katika titi la kushoto, usiouma. Ultrasaundi ilionyesha vifuko vilivyosongamana, na vinyama vitatu vikachukuliwa kwa sindano nene. Wiki kadhaa baadaye jibu likarudi: vifuko vyenye ute, ute uliovujia katika tishu za jirani, seli za saratani hazikuonekana. Akasomewa maneno ya mwisho tu, akashukuru, akarudi shambani.

Maneno yaliyorukwa ndiyo yenye uzito. Uvimbe wa namna hii ulielezwa mwaka 1986 na mpatholojia wa Marekani, Paul Peter Rosen. Mirija ya maziwa hujaa ute, hutanuka na kuwa vifuko, kisha kifuko hupasuka na ute kumwagika nje. Mwanzoni ulihesabiwa kuwa hauna madhara. Baadaye ilibainika kuwa unaweza kukaa ubavuni mwa seli zilizoanza kubadilika tabia, ziitwazo atipia, au hata ubavuni mwa saratani ya ute, ambamo seli za ugonjwa huelea ndani ya ute kama visiwa ziwani. Kuwepo kwa ute peke yake hakutoshi kuamua lolote. Hutazamwa kilichomo ndani yake na hali ya kuta za mirija, na sindano huonja sehemu ndogo tu ya uvimbe. Sindano nyembamba ni dhaifu zaidi, kwa kuwa hufyonza ute na kuziacha kuta zilizouzalisha.

Atipia ikitajwa katika jibu, uvimbe hutolewa kwa upasuaji. Hapo hakuna mabishano makubwa. Ugumu upo pale isipotajwa. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kuwa, baada ya uvimbe usio na atipia kutolewa wote, saratani hukutwa kwa wanawake wasiozidi 5 kati ya 100. Penye atipia hatari hupanda mara kadhaa. Hata hivyo yafaa kuuliza takwimu hizo zimetoka kwa nani. Nyingi zimetoka katika nchi ambako wanawake wasio na dalili yoyote hupigwa mamografia kwa ratiba, na kilichowapeleka kwenye sindano ni chembe za chokaa zilizoonekana kwenye picha. Mwanamke wa Ibighi alipelekwa na uvimbe alioushika kwa mkono wake. Si halali kumkabidhi utulivu wa takwimu zisizomhusu moja kwa moja.

Kwa hiyo mambo matatu yawekwe mezani pamoja: mkono wa daktari, picha, na kinyama. Yakikubaliana, uvimbe ukiwa mdogo na sampuli ikiwa ya kutosha, ufuatiliaji unakubalika. Moja likipingana na mengine, kwa mfano uvimbe mgumu wenye kingo zisizo sawa huku kinyama kikionyesha ute mtupu, uvimbe utolewe. Ulaya kazi hiyo mara nyingi hufanywa kwa sindano kubwa ya kufyonza. Isipopatikana, upasuaji mdogo unatosha. Titi halikatwi lote, tezi za kwapani haziguswi, wala dawa za saratani hazianzishwi kwa jibu la namna hii.

Umbali nao ni sehemu ya uamuzi. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ni takriban kilomita 70. Kumwambia mkulima arudi kupimwa kila miezi 6 kwa miaka 2 ni kumtaka apate nauli, siku na ultrasaundi mara nne. Anayeweza kurudi afuatiliwe. Asiyeweza aelezwe wazi kuwa kuutoa uvimbe mara moja huenda kukamfaa kuliko miadi ambayo pande zote mbili zinajua haitatimizwa.

Mengi huharibika hata kabla ya mpatholojia kukiona kinyama. Kitiwe katika fomalini mara moja, isipite saa 1, kwa ujazo wa angalau mara kumi ya kinyama. Fomu isiandikwe "uvimbe wa titi" tu: iseme ukubwa wake, upande, mahali ulipo, na picha ilionyesha nini. Mpatholojia asiyejua kilichoshikwa na mkono hawezi kusema kama alichokiona kinatosha.

Mama yule atafutwe kupitia mhudumu wa afya wa kijijini kwao, asomewe jibu lote kwa lugha anayoielewa, aulizwe anachagua nini. Uvimbe ukitolewa upelekwe wote kupimwa, usitupwe kwa kuwa jibu la kwanza lilikuwa zuri. Na ikitokea saratani ya ute imekutwa ndani yake, aambiwe pia kwamba aina hiyo, ikiwa haijachanganyika na nyingine, kwa kawaida hukua polepole na hutibika vizuri kuliko saratani nyingi za titi.