Kuagiza Nakshi za Maua Katika Mbao: Mambo ya Kuafikiana Kabla Patasi Haijagusa Ubao

Atokaye Tanga kwenda Pangani kwa njia ya pwani hupita Tongoni penye magofu, kisha huingia Kigombe, kijiji cha wavuvi kilichomo katika Wilaya ya Muheza. Mwisho wa safari hiyo, katika mji wa kale wa Pangani, zimo nyumba ambazo milango yake bado ina nakshi za zamani. Na ng'ambo ya bahari iko Zanzibar, ambako milango ya namna hiyo ni mingi zaidi. Maua na majani ndiyo yaliyotawala nakshi hizo, kwa kuwa wenyeji wa pwani, wengi wao Waislamu, hawakupenda kuchonga sura za watu na wanyama. Mapenzi hayo hayajafa. Mlaji wa leo huagiza ubao wa kichwani mwa kitanda, kasha la nguo au mlango wa sebule, naye humwambia fundi, "Nitilie maua."

Neno hilo dogo ndilo chimbuko la ugomvi mwingi, na ndilo somo letu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kigombe amekusanya fedha za dagaa ili amtengenezee binti yake kitanda cha harusi. Amemwonyesha fundi picha katika simu: ubao wa kichwani wenye maua matatu makubwa na majani yaliyosokotana. Fundi ametazama, akasema, "Hii naiweza, mama." Wamepatana shilingi 600,000, na mama ametanguliza 400,000. Baada ya wiki sita kitanda kimeletwa. Maua ni matatu, majani yapo, vanishi inang'aa. Lakini petali zimechorwa kwa mistari tu, kana kwamba zimekwaruzwa kwa ncha ya msumari. Fundi asema, "Uliagiza maua matatu, mama yangu, nayo ni haya." Mama asema siyo aliyoyaona pichani. Kila mmoja anaamini kuwa haki iko kwake, na harusi ni Ijumaa.

Katika kisa hiki hatuoni mwizi. Picha ya simu huonyesha umbo la ua wala haionyeshi kina chake, na watu hawa wawili hawakutaja kina hata mara moja.

Ua linalolipiwa

Yapo mambo mawili yaitwayo nakshi ya maua, nayo ni tofauti sana kwa kazi na kwa bei. La kwanza ni mchoro wa mistari: fundi hukata mfereji mwembamba kufuata umbo la ua, na uso wa ubao hubaki ulivyokuwa. Ni kazi ya saa chache. La pili ni nakshi ya kuinuka yenye kina kifupi. Hapo fundi hukata mpaka wa ua kwa patasi, kisha huondoa mbao yote iliyo nje ya mpaka huo hata uwanja ushuke na ua libaki juu. Baada ya hapo hulifanyia kazi ua lenyewe: hulegeza kingo za petali, huzama kidogo katikati, na huiteremsha petali ya nyuma ili ile ya mbele ionekane imeilalia.

Katika kazi za nyumbani kina cha milimita 3 hadi 6 hutosha. Mlaji asidhani kwamba kina kirefu ndiyo kazi bora zaidi. Fundi hodari hulifanya ua lionekane limejaa kwa milimita 5, kwa sababu jicho hudanganywa na miteremko na vivuli. Kwa ubao wa kichwani, kina kifupi hata ni afadhali: mtu huegemea pale, na chandarua hufungwa pale. Petali zilizochomoza sana hunasa wavu, hukusanya vumbi, na hatimaye humeguka.

Kuna jambo moja ambalo wateja wengi hawalijui, nalo lina faida mfukoni. Kazi ndefu kuliko zote ni kuteremsha uwanja na kuusawazisha. Ua lenyewe hufuata. Kwa hiyo ua dogo moja lililowekwa katikati ya ubao mpana, ikiwa ubao wote unateremshwa, laweza kugharimu zaidi kuliko maua makubwa yaliyojaza nafasi. Anayetaka kupunguza gharama asipunguze idadi ya maua kwanza. Amwombe fundi achore duara au mraba kulizunguka ua, na uwanja ushushwe ndani ya mpaka huo tu. Mbao ya nje hubaki juu kama fremu, na kazi hupendeza vilevile.

Mbao

Ua lililochongwa vizuri katika mbao mbichi litapasuka. Mti ukikauka husinyaa kwa upana wake, karibu hausinyai kabisa kwa urefu, na mvutano huo hutokea penye udhaifu, yaani pale patasi ilipopunguza unene. Mteja hupokea kitanda kizima mwezi wa masika, na kiangazi kikifika huona ufa umepita katikati ya petali. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba mbao ya kukaushwa kwa upepo huhitaji takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Fundi akikuambia kuwa mbao ni kavu, muombe kipande kilichobaki. Kipime katika mizani ya dukani, kiweke kivulini penye hewa kwa siku kumi, kisha ukipime tena. Kikipungua uzito kwa kiasi kinachoonekana, mbao bado ina maji.

Katika aina za mbao, mninga huchongeka vizuri na hautikisiki sana baada ya kukauka, na kwa maoni yetu ndio chaguo la kwanza kwa maua. Lakini hakikisha ni kiini chekundu cha mti. Ile sehemu nyeupe ya nje hubunguliwa upesi. Mtiki hutulia sana pia, ingawa humaliza makali ya patasi, kwa hiyo fundi akidai ujira zaidi kwa mtiki usimwone mroho. Wilaya ya Muheza ina bahati hapa, kwani shamba la mitiki la Longuza, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, limo humo humo. Mwembe ni rahisi kupatikana, lakini usipotiwa dawa hushambuliwa na wadudu. Paina ni nafuu, ila ina mistari laini na migumu inayopishana, na petali nyembamba humeguka kabla haijakamilika. Kwa paina agiza ua kubwa lenye petali nene, au usiagize ua.

Mbao iwe na risiti na hati. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mazao ya misitu yavunwe na yasafirishwe kwa kibali, na mbao isiyo na hati yaweza kukamatwa njiani, kazi ikiwa imekwisha kulipiwa. Bei ikiwa rahisi kupita kiasi, uliza hati kwanza.

Swali moja zaidi la mbao, nalo husahauliwa. Ubao wa kichwani ni mpana, hivyo huunganishwa kwa vipande viwili au vitatu kwa gundi. Si kosa. Kosa ni kiungo kupita katikati ya ua. Mwombe fundi akuonyeshe viungo vilipo kabla hajachora.

Mkono, mashine na gundi

Siku hizi zipo mashine za kuchonga ziongozwazo na kompyuta, na kazi yake ni halali na mara nyingi ni safi. Yapo pia maua yaliyotengenezwa mbali kwa unga wa mbao, yakabandikwa kwa gundi na kupakwa rangi. Kila moja ina bei yake. Ubaya huja pale kitu kimoja kinapouzwa kwa jina na bei ya kingine.

Utambuzi si mgumu. Tazama nyuzi za mti: katika ua lililochongwa kutoka katika ubao wenyewe, nyuzi zilizo katika uwanja huendelea ndani ya ua bila kukatika. Katika ua lililobandikwa nyuzi haziendelei, au hazipo kabisa. Kisha linganisha ua na ua. Maua ya mashine hufanana hata katika dosari. Ya mkono hufanana kama ndugu wafananavyo. Mwisho, pitisha ukucha katika kona za ndani, pale petali mbili zinapokutana na uwanja. Patasi huacha kona kali. Ncha izungukayo ya mashine aghalabu huacha kona ya mviringo.

Ukaguzi huu ufanyike kabla ya vanishi. Mchanganyiko wa gundi na unga wa mbao huziba ufa na petali iliyovunjika, na vanishi nzito ikipita juu yake hata mzoefu hupata shida kuona.

Ua la mfano

Njia iliyo bora kuliko zote ya kumlinda mteja na fundi ni hii: kabla ya malipo ya kazi, fundi achonge ua moja katika kipande cha mbao ileile, kwa kina kilekile, na wote wawili watie sahihi nyuma yake. Fundi alipwe ujira wa ua hilo, asiombwe bure. Kipande hicho akae nacho mteja. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua uuzaji kwa sampuli, na bidhaa iliyouzwa hivyo yapasa ilingane na sampuli yake. Hata pale ambapo mbao ni ya mteja na fundi anauza kazi ya mikono tu, kipande hicho ni ushahidi ambao hauhitaji maneno mengi.

Pamoja na ua la mfano, iwepo karatasi. Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Taabu yake ni kuyathibitisha. Karatasi haihitaji lugha ya mawakili. Yaweza kusomeka hivi:

"Fundi ataunda ubao wa kichwani wa kitanda kwa mninga mkavu, futi 6 kwa futi 2 na nusu, unene inchi 1 na nusu. Maua matatu yatachongwa kwa mkono kutoka katika ubao wenyewe, pasipo kubandika. Uwanja utateremshwa milimita 5 ndani ya duara zilizochorwa. Kipimo cha kazi ni ua la mfano lililotiwa sahihi leo. Mteja atakagua uwanja ukishashushwa, na atakagua tena kabla ya vanishi. Kazi itakamilika wiki mbili kabla ya tarehe ya shughuli."

Wiki mbili hizo zisiachwe. Mteja asiye na siku za akiba hupokea chochote anacholetewa.

Malipo yafuate hatua zilezile. Fedha ya mbao itangulie, na ni vema mteja aende na fundi kununua ili risiti iwe mkononi mwake. Sehemu ya ujira ilipwe baada ya ukaguzi wa kwanza, na salio kitanda kikishapokewa. Kutanguliza theluthi mbili, kama alivyofanya mama wa mfano wetu, humwondolea fundi haraka na mteja sauti.

Haki ya fundi pia isisahauliwe. Mteja akibadili ua baada ya uwanja kushushwa, gharama ni yake, kwa maana mbao iliyoondolewa hairudi.

Mambo yakiharibika

Turudi kwa mama wa Kigombe. Kosa lake lina unafuu: kina kilichopungua chaweza kuongezwa, lakini kilichozidi hakipunguzwi. Ubao wake una inchi moja na nusu, kwa hiyo fundi aweza kuondoa vanishi, kushusha uwanja na kulifanyia kazi ua, siku zikimruhusu. Ombi la kwanza liwe hilo, kwa maandishi, likitaja tarehe ya mwisho. Picha zipigwe, rula ikiwa imesimamishwa kando ya petali ili kina kionekane.

Fundi akikataa, mlaji amwendee Afisa Biashara wa halmashauri, ambaye aghalabu huweza kuwakalisha pamoja. Ikiwa alielezwa uongo, mathalani aliambiwa ni mninga na ikawa paina iliyopakwa rangi, au ameuziwa maua ya kubandika kwa jina la kuchonga, hapo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inahusika, kwani inakataza kumdanganya au kumpotosha mlaji juu ya bidhaa na huduma. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani kwa maandishi. Dai la kurudishiwa fedha zilizotolewa kwa mkataba laweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo.

Kokote aendako achukue nakala ya karatasi ya mapatano, risiti, rekodi za malipo ya simu na ile picha ya kwanza aliyomwonyesha fundi. Ua la mfano alibebe lenyewe, lakini asiliache ofisini bila kupewa hati ya kulipokea.