Dipoziti ya Mteja Si Faida: Somo kwa Mafundi Wanaojitegemea



Wengi wenu mmetuuliza swali moja kwa njia nyingi: "Kushona tumejifunza, cherehani tunazo, lakini wateja wako wapi?" Swali ni zuri. Ila sisi tunaozunguka kwa mafundi huku mitaani tumeona kwamba mara nyingi mteja alikuja. Alikuja, akapimwa, akalipa dipoziti, na baada ya hapo hakurudi tena. Kwa hivyo leo tutaanza na huyo aliyekwisha kuja, halafu ndio tuwatafute wengine.

Kwa wale ambao hawajafika huku, Makadara ni sehemu ya Eastlands ya Nairobi, kando ya Barabara ya Jogoo. Hapa kuna mitaa kama Maringo, Jericho, Mbotela na Hamza, na ng'ambo ya reli kuna viwanda. Ukiingia Soko la Uhuru au Soko la Jericho utasikia cherehani kabla hujaziona. Fundi mmoja amepakana na mwingine, na wote wanashona. Jameni, mtu anapataje kastoma mahali kama hapo?

Turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ilifunguliwa nchini na mitumba ikaingia kwa wingi. Suruali iliyovaliwa Ulaya ikawa rahisi kuliko kitambaa cha kushona nyingine. Washonaji wengi walifunga kazi. Waliobaki walitafuta nguo ambayo haiwezi kutoka kwa robota la mitumba. Sare ya shule haitoki humo, maana rangi yake ni ya shule hiyo peke yake. Vitenge vya harusi vya watu kumi na wawili, wanene kwa wembamba, havitoki humo pia. Na hata suruali ya mtumba yenyewe mara nyingi ni pana kiunoni, kwa hivyo inakuja kwa fundi kupunguzwa! Mambo haya yanawafaa ninyi wa kijijini kuliko maneno mengi kuhusu matangazo. Simamisheni kusoma hapa, mjiulize: ni kazi gani hapa kwetu ambayo gari la sokoni haliwezi kutuletea ikiwa imeshamalizika?

Sasa tuje kwa pesa. Tuchukue mfano wa gauni moja la shule. Bei hizi ni za mfano tu, ninyi mtaweka za kwenu. Kitambaa mita moja na nusu kwa sh. 250 kila mita ni sh. 375. Uzi, zipu na vifungo ni sh. 45. Fundi anashona magauni manne kwa siku, na siku yake ameiwekea sh. 800, kwa hivyo kila gauni linabeba sh. 200 za mikono yake. Kodi ya kibanda na umeme, sh. 50. Kutengeneza cherehani ikiharibika, sh. 20. Jumla ni sh. 690. Akiuza kwa sh. 750 anabaki na sh. 60 za kukuza biashara.

Jirani yake anauza kwa sh. 600, na watu wanamkimbilia. Lakini huyo jirani hajui kwamba anakula mikono yake mwenyewe, sh. 90 kila gauni. Kadiri anavyopata wateja wengi ndivyo anavyochoka bure. Msikimbilie kushusha bei kabla ya kujua gauni limebeba nini.

Angalieni vile vitu viwili vya kwanza, kitambaa na vifaa vidogo: sh. 420. Hiyo ndiyo dipoziti. Mafundi wengi huomba nusu ya bei, yaani sh. 375, ambayo inatosha kitambaa na haitoshi uzi. Na shida kubwa zaidi ni kwamba pesa hiyo haikai. Jioni kuna unga, kuna mtoto anakohoa, kuna mwenye nyumba mlangoni. Dipoziti ya mama wa Jumatatu inaenda nyumbani. Jumatano anakuja baba mwingine na dipoziti yake, na fundi anainunulia kitambaa cha yule mama. Sasa kitambaa cha baba kitatoka wapi? Kitamngoja mteja wa Ijumaa. Mwisho wa mwezi fundi ana maagizo kumi, pesa hana, na simu yake ameizima. Akiulizwa ni "kesho", na kesho tena ni "stima ilipotea".

Tusiwaone mafundi hawa kama wezi. Wengi ni watu waaminifu ambao walichanganya mfuko wa nyumba na mfuko wa kazi. Lakini mtoto akienda shule Januari bila sare, mamake hatasema fundi alichanganya mifuko. Atasimulia habari hiyo kwenye foleni ya maji, na hapo hakuna kibao cha rangi kitakachokuokoa.

Dawa ni kuifanya dipoziti igeuke kitambaa siku hiyo hiyo, kabla ya jua kutua. Ukinunua, kikate au ukiandike jina la mwenyewe, basi hakuna wa kukila. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 watu wengi hulipa kwa simu, na hii inasaidia mkiwa na laini ya kazi iliyo mbali na laini ya nyumbani. Ujumbe wa malipo msiufute, ni risiti yenu pia. Na siku ya kumaliza kazi msiitaje kumfurahisha mteja. Hesabuni maagizo yaliyo mbele yake, muongeze siku mbili. Mteja aliyeambiwa Alhamisi akapigiwa simu Jumanne atawaambia watu watano.

Baada ya hapo kutafuta wateja si kazi ngumu sana. Muwe na daftari: jina, simu, vipimo, shule ya mtoto, tarehe. Novemba, kabla shule hazijafungua mwaka mpya, pitieni daftari muwapigie wazazi. Mtoto aliyepimwa mwaka jana ameshakua, na mzazi mwenyewe bado hajakumbuka! Muache pindo pana chini ya gauni, ili katikati ya mwaka liweze kushushwa. Mzazi akileta gauni kushushwa atakuja na mdogo wake pia. Tena shoneni lebo ndogo ndani ya kola yenye jina la kikundi na namba ya simu. Hiyo lebo inaingia darasani kila siku na haidai mshahara. Fundi wa mbao anaweza kuandika namba yake chini ya meza, na fundi wa bomba aiandike karibu na mita.

Kwa mtu asiyewajua, karatasi inasaidia. Mtihani wa ufundi wa serikali, ule wa gredi ya tatu hadi ya kwanza, unasimamiwa na NITA, na fundi aliyejifunzia kazini pia anaweza kuufanya. Na tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa biashara zilizosajiliwa za vijana, akina mama na watu wenye ulemavu. Lakini msikimbilie huko kabla ya daftari kukaa sawa, kwa sababu malipo ya zabuni yanaweza kuchelewa, na kikundi kisicho na akiba kitakwama.

Hapa ndipo kikundi kinamshinda fundi wa peke yake. Mafundi watano wakinunua jora zima la kitambaa wanapata bei nzuri kuliko mmoja akinunua mita mbili mbili. Mmoja akiugua wiki ya kufungua shule, wenzake wanamaliza kazi zake ili jina la kikundi lisiharibike. Mkubaliane mapema huyo anayemalizia kazi ya mwenzake atalipwa nini. Tumeona vikundi vikivunjika kwa jambo hilo moja, ilhali kazi yenyewe ilikuwa nyingi.

Kwa mkutano ujao, kila fundi alete orodha ya maagizo ambayo amepokea dipoziti na hajamaliza, pamoja na kitambaa chenyewe. Mweka hazina apitie moja baada ya nyingine. Agizo lisilo na kitambaa mezani, kikundi kiamue siku hiyo hiyo kama kitamkopesha mwenzao kutoka kwa akiba ili mteja apate nguo yake, na mkopo huo atalipa kwa wiki ngapi.