Kelele si Nguvu: Somo Fupi la Ekzosi

Wanachuo wenzangu, kila boom likitoka napata swali lile lile: "Injinia, nataka gari lingurume kama Subaru za rali. Nikate sailensa?" Kwa kuwa nasoma uhandisi mitambo na wikiendi nashinda gereji, nami huuliza: unataka sauti au unataka nguvu? Hivyo ni vitu viwili, na bei zake ni mbili.

Tuanze na sauti. Injini ya Subaru EJ20 ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Silinda 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili. Katika ekzosi ya zamani, mabomba ya pande hizo hayalingani urefu kabla ya kukutana. Moshi wa upande mmoja unachelewa, mapigo yanafika kwa kupishana vibaya, na hapo ndipo unapozaliwa ule muungurumo. Sailensa haiuzalishi, inaupunguza tu. Ukifunga mabomba ya mbele yenye urefu sawa, moshi unatiririka vizuri zaidi lakini muungurumo unapotea. Kwa hiyo sauti tunayoishangilia inatokana na mabomba yasiyolingana, wala si kipimo cha nguvu. IST haitaipata hata ukiikata ekzosi yote.

Sasa nguvu. Turbo huzungushwa na moshi, na hufanya kazi vizuri pale presha ya nyuma yake inapokuwa ndogo. Ndiyo maana bomba linaloanzia kwenye turbo lina faida kuliko sailensa ya mwisho. Ukitoka kipenyo cha inchi 2.5 kwenda 3, eneo la njia linaongezeka kwa asilimia 44. Lakini usiishie hapo: presha ya turbo inaweza kupanda kupita mpango wa kiwandani, kwa hiyo kompyuta ya injini lazima ipangwe upya. Bila hivyo unaweza kutoboa pistoni. Kwa gari lisilo na turbo, bomba pana kupita kiasi hupunguza kasi ya moshi, na gari linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini.

Halafu kuna mvumo, ule unaokupa kichwa kuuma safarini. Hesabu yake ni rahisi. Injini ya silinda nne kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde na kuwaka mara mbili kila mzunguko, yaani hezi 100. Kwenye moshi wa nyuzi 350 hivi, sauti husafiri takriban mita 500 kwa sekunde. Gawanya 500 kwa mara nne ya 100: unapata mita 1.25. Ukichomelea pembeni ya ekzosi bomba la urefu huo, lililozibwa mwisho, wimbi linarudi kinyume na kuuzima mvumo. Ile fizikia ya mwaka wa kwanza ina kazi, jamani!

La mwisho, masega. Fundi akikwambia "tuyatoe, gari lipumue", jua kwamba ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na yana soko. Muulize yatabaki kwa nani. Kazi yake ni kugeuza monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua, kuwa kaboni dayoksidi. Yakitoka, halafu kiungo cha ekzosi kikavuja chini ya sakafu, ni wewe na abiria wako mnaoivuta. Na taa ya cheki injini itawaka juu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, mwulize fundi maswali matatu: unabadilisha sehemu gani, kompyuta nani ataipanga, na masega yanaenda wapi? Akijibu kwa kukanyaga mafuta ili usikie mlio tu, chukua funguo zako uondoke.